Geti, ekspanda na limita: tuzielewe kwa hesabu, tuache kunakili namba

#1 Kizingiti

Wadau, salaam.

Swali la geti likija humu hujibiwa kwa namba ya kunakili: "weka kizingiti −40, rilizi 100, maliza." Namba hiyo ilifaa maiki fulani ndani ya chumba fulani. Ukiihamishia kwako inakata maneno, na lawama zote zinaangukia plagini. Tuweke hesabu mezani, mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

Tutenganishe familia kwanza. Kizingiti ni kiwango cha sauti unachokiweka wewe ili kifaa kijue lini kianze kupunguza. Kompresa na limita hushughulika na sauti iliyopanda juu ya kizingiti. Geti na ekspanda hushughulika na iliyoshuka chini yake. Ndiyo maana anayezoea kompresa hupotea akishika geti: kwa kompresa, ukishusha kizingiti kazi inaongezeka, kwa geti, ukishusha kizingiti kazi inapungua.

Sasa uwiano. Chukua ekspanda ya 1:2, yaani kila dB 1 (desibeli) chini ya kizingiti hutoka ikiwa 2, kizingiti −40 dB. Kelele inayoingia kwa −55 iko 15 chini ya kizingiti, itatoka ikiwa 30 chini, yaani −70. Ekspanda imekata 15 dB. Kwa 1:4 kelele ile ile ingetoka 60 chini, yaani −100, imekatwa 45. Lakini tazama herufi ya mwisho ya neno iliyoingia kwa −42. Iko 2 tu chini ya kizingiti, kwa 1:2 inakatwa 2 dB, na hakuna msikilizaji atakayegundua. Geti kamili ingeitupa yote shimoni. Tofauti ya vifaa hivi viwili iko hapo: ekspanda husamehe makosa madogo ya kizingiti, geti haisamehi.

Wenye mikisa ya Behringer X32 au Midas M32 mnavyo vyote kila chaneli: EXP2, EXP3 na EXP4 ni uwiano wa 1:2, 1:3 na 1:4, kisha GATE, kisha DUCK ambayo tutaifikia.

Nobu zilizobaki. Ataki ni muda wa kufunguka. Holdi ni muda wa kubaki wazi baada ya sauti kushuka chini ya kizingiti. Rilizi ni muda wa kufunga. Renji ni kina cha juu cha kukata. Ukiweka 10 dB, ile kelele ya −55 haishuki chini ya −65 hata uwiano ungetaka zaidi. Binafsi naanza na renji kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu sauti nyingi mbaya za geti ni za renji iliyoachwa 60 dB wakati 12 ingetosha. Kelele ikishuka kidogo na kupanda kidogo, sikio halishtuki. Ikitoweka ghafla na kurudi ghafla, kila mtu anaisikia, hata asiyejua geti ni nini.

#2 SautiYaNdani

Asante mkuu. Swali la rekodi za mazungumzo. Chumba kina feni ya dari, maiki ya kondensa iko kama sentimita 30 kutoka mdomoni, programu ni OBS, kichujio cha geti kimeachwa kama kilivyokuja. Mwanzo wa maneno unakatika. "Mtoto" inasikika "toto". Nikishusha kizingiti hadi maneno yatimie, feni nayo inapita. Nifanyeje?

#3 MamaFeda

@SautiYaNdani geti ya OBS huja na namba hizi: kufungua −26, kufunga −32, ataki 25 ms (milisekunde), holdi 200, rilizi 150. Hiyo −26 inamtaka mtu anayesema kwa nguvu karibu na maiki. Na ataki ya 25 ms ni ndefu mno kwa lugha yetu.

Hapa lazima nieleze, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yametungwa na watu wa lugha nyingine. Kiswahili kina maneno mengi yanayoanza na kitu laini: *mtu, mbuzi, nchi, nne, mvua*. Hiyo m au n ni silabi au nusu silabi, ina nguvu ndogo kuliko irabu inayofuata, na geti huiona kama kelele. Mbaya zaidi ni h. "Hana pesa" ikiliwa h inakuwa "ana pesa". Geti imegeuza maana ya sentensi, na mhariri asiyesikiliza kwa makini hataona kosa kwa sababu kilichobaki nacho ni neno halali. Upande wa pili wa neno, karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, na mwisho wa sentensi sauti hushuka. Rilizi fupi inakula hiyo irabu.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Rekodi sekunde kumi za kimya, feni ikizunguka, usome mita. Kisha rekodi sentensi zenye maneno hayo niliyotaja, kwa sauti ya kawaida, usome zinakoshuka chini kabisa. Tuseme feni ni −52 na miisho ya maneno ni −38. Kufungua weka −42, kufunga −47, ataki 3 hadi 5 ms, holdi 250, rilizi 300. Pengo kati ya kufungua na kufunga lisiwe sifuri. Tofauti ya 4 hadi 6 dB huzuia geti kutetemeka sauti inapocheza juu ya mstari.

Ila kwa mazungumzo mimi nisingetumia geti kabisa. OBS ina kichujio cha ekspanda. Uwiano 2, kizingiti −40, ataki 5, rilizi 200, ugunduzi wa RMS (wastani wa nguvu badala ya vilele). Feni ya −52 inashuka hadi −64, na herufi laini zinapungua kidogo bila kupotea.

#4 Kizingiti

Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo halina nobu. Geti haiondoi kelele iliyo chini ya sauti yako. Ukisema, geti iko wazi na feni iko wazi nayo. Ukinyamaza vyote vinafungwa. Maana yake feni inasikika ikipumua pamoja na maneno, na wakati mwingine hilo linaudhi kuliko feni yenyewe kuendelea mfululizo.

Dawa ya kwanza ni umbali. Ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako inapanda takriban 6 dB na feni inabaki pale pale. Kutoka sentimita 30 hadi 15 umepata 6, ukienda 7.5 umepata 12. Kisha unashusha geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki), na feni inashuka nayo. Hizo 12 dB ni safi, zinafanya kazi hata katikati ya neno. Weka tu kikinga pumzi, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo ili p na b zisipige moja kwa moja. Maiki ya mwelekeo mmoja ikisogezwa hivyo itaongeza besi. Kata chini ya 80 au 100 Hz.

#5 SautiYaNdani

Nimewapata. Na kama nahariri baadaye kwenye Reaper badala ya kuchuja moja kwa moja?

#6 MamaFeda

Hapo una silaha ambayo kifaa cha moja kwa moja hakina: geti inaweza kutazama mbele. ReaGate, geti ya Reaper, ina nobu ya kufunguka mapema, Pre-open. Ukiweka 20 ms, mlango unaanza kufunguka 20 ms kabla sauti haijavuka kizingiti, na ile m ya "mtoto" inapita. Kwa m ndefu nenda hadi 50. Reaper hufidia ucheleweshaji huo yenyewe unapohariri. Kwenye matangazo ya moja kwa moja yenye picha, ucheleweshaji wowote wa sauti lazima uulinganishe na picha.

ReaGate haina nobu ya renji, lakini kuna Dry (sauti isiyopita mlangoni) kando ya Wet (iliyopita). Ukiacha Wet 0 dB na kupandisha Dry hadi −12 dB, mlango ukifungwa sauti inabaki −12 badala ya kupotea. Mlango ukiwa wazi zinajumlishwa, 1 na 0.25, kwa hiyo sauti inapanda karibu 1.9 dB. Renji halisi ni kama 14. Ukitaka ngazi ibaki ile ile, shusha 1.9 baada yake.

#7 DufuNaKinanda

Tuje kwenye jukwaa. Drams za kanisani, maiki saba, jengo la bati na sakafu ya saruji. Geti ya kiki inafunguka kila snea ikipigwa, na tomu zinafunguka kwa matoazi. Kupandisha kizingiti kunasaidia mpiga drams akipiga kwa nguvu tu. Akipiga polepole kiki inapotea.

#8 Kizingiti

Usipandishe kizingiti. Badilisha kile ambacho geti inasikia.

Geti ina njia mbili ndani yake: sauti inayopita mlangoni, na sauti inayosikilizwa ili kuamua mlango ufunguke. Niite ya pili sikio la geti. Ukiweka kichujio kwenye sikio, sauti inayopita haibadiliki hata chembe. Vichujio hivi vilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia Drawmer DS201, na leo viko karibu kila mikisa ya dijitali.

Kiki: sikio lisikie 50 hadi 100 Hz tu. Snea ina kitu kidogo sana pale. Snea: kata chini ya 150 na juu ya 4 au 5 kHz, utawafukuza kiki na hai-hati kwa pamoja. Tomu: 80 hadi 200 Hz kutegemea ukubwa, matoazi hayana nguvu huko. Kwenye X32 washa kichujio kwenye ukurasa wa geti, kisha bonyeza solo ya sikio usikilize kile geti inachosikia. Zungusha hadi kile unachotaka kitofautiane na uvujaji wa ngoma nyingine kwa angalau 10 dB, kizingiti ukiweke katikati ya pengo hilo.

Kumbuka X32 huweka geti kabla ya EQ (kirekebishi cha toni) ya chaneli. Hata uipambe kiki kwa EQ namna gani, geti haioni. Ni sikio peke yake.

Namba za kuanzia kwa kiki: ataki 1 ms, holdi 60, rilizi 120, renji 20. Snea: ataki 0.5, holdi 80, rilizi 150, renji 10 hadi 12. Tomu zina mkia, kwa hiyo holdi 150, rilizi 300 hadi 500. Ukisikia "tiki" kali mwanzoni mwa kila pigo, ataki ni fupi mno: mlango unafunguka katikati ya wimbi na kuliruka ghafla. Ongeza hadi 2 au 3 ms. Ukisikia pigo limekuwa butu kama limefunikwa nguo, umepita kiasi.

#9 DufuNaKinanda

Kiki imekaa. Ila kwenye tomu ya chini naweka rilizi 20 na holdi 0 ili iwe kavu, inakoroma.

#10 Ohm8

Inakoroma kwa sababu geti inafuata wimbi lenyewe. Wimbi la 60 Hz linachukua 16.7 ms kumaliza mzunguko. Kwa holdi 0 na rilizi fupi, geti inaanza kufunga kila wimbi linapokaribia sifuri na kufunguka tena kwenye kilele. Umepata mkoromo wa geti, si ukavu. Holdi isipungue muda wa mzunguko mmoja wa noti ya chini kabisa: 20 ms kwa 50 Hz, 25 kwa 40 Hz. Ukitaka ukavu, punguza mkia kwa kufunga ngozi ya tomu vizuri au kwa kipande cha jeli juu yake.

#11 Kizingiti

Na kwa jina lako, @DufuNaKinanda, usithubutu kuweka geti kwenye dufu au ngoma za mkono. Vidole vinapiga noti ndogo kati ya mapigo makubwa, na hizo ndizo zinazosukuma mdundo. Tofauti kati ya pigo kubwa na dogo inafika 20 dB kirahisi. Geti itabakiza makubwa tu na mpigaji ataonekana hajui kupiga. Ukilazimika, EXP2 yenye renji 6.

#12 WayaMbili

Swali la kwaya. Maiki nane za waimbaji zikiwa wazi, spika zinapiga mluzi mapema. Nimeambiwa niweke geti zote, renji 60. Waimbaji wanalalamika wanakatwa.

#13 MamaFeda

Hesabu ya maiki zilizo wazi: kila zinapoongezeka mara mbili unapoteza 3 dB za akiba kabla ya fidibaki, yaani ule mluzi. Moja hadi mbili, 3. Nne, 6. Nane, 9.

Sasa tazama kinachotokea ukifunga saba kwa renji ya 10 dB tu. Kila iliyofungwa inachangia moja ya kumi ya nguvu. Jumla ni 1 na 0.7, yaani 1.7, na hasara inakuwa 2.3 dB badala ya 9. Ukifunga kwa 20 dB, jumla ni 1.07 na hasara ni 0.3. Kutoka 20 kwenda 60 unapata ile 0.3 iliyobaki, na bei yake ni waimbaji kukatwa. Weka renji 10, ukihitaji sana 15. EXP2 au EXP3, ataki 2 ms, holdi 300, rilizi 500.

Haya yote yanafaa wanapopokezana. Wakiimba wote nane kwa pamoja, maiki zote ziko wazi na zile 9 dB zimerudi. Hapo dawa ni maiki kuwa karibu na mdomo na monita (spika za waimbaji jukwaani) kuelekezwa vizuri.

Mtego mmoja: monita ikiwa na nguvu kuliko mwimbaji kwenye maiki yake, monita ndiyo inayofungua geti. Mluzi ukianza hivyo geti haitaufunga kamwe, kwa sababu mluzi uko juu ya kizingiti. Geti si kifaa cha kuzuia fidibaki.

Kama ni mkutano wa wazungumzaji wanaopokezana na si kwaya, tumia otomiksa badala ya geti. Mtindo wa Dan Dugan hugawana geini: jumla ya maiki zote inabaki sawa na maiki moja iliyo wazi, na hakuna mlango unaogonga.

#14 WayaMbili

Geti ikae kabla au baada ya kompresa?

#15 MamaFeda

Kabla. Kompresa inasogeza sauti kubwa karibu na ndogo, kwa hiyo pengo ulilokuwa unaliwekea kizingiti linapungua. Ukirudishia geini ya 6 dB baada ya kompresa, kelele nayo imepanda 6 kwenye kila ukimya.

DUCK sikuisahau, ni fupi. Inafanya kinyume: sikio likisikia mtangazaji, muziki unashuka. Iweke kwenye chaneli ya muziki, chanzo cha sikio kiwe maiki ya mtangazaji, renji 12, ataki 30 ms, holdi 500, rilizi 1000. Rilizi ikiwa fupi, muziki utaruka kila akivuta pumzi.

#16 Ohm8

Tuhamie limita, hapa ndipo spika zinaungua.

Limita ni kompresa yenye uwiano mkubwa, kuanzia 10:1 na kuendelea. Uwiano si ukuta. Kompresa ya UREI 1176 iliyotoka mwaka 1967 ina vitufe vya 4, 8, 12 na 20. Kwa 20:1, sauti iliyovuka kizingiti kwa 10 dB inatoka ikiwa imevuka kwa 0.5. Ukuta wa kweli ni uwiano usio na mwisho pamoja na kutazama mbele, kama limita za dijitali. Na wanaotumia plagini za 1176: nobu zake za ataki na rilizi zinakwenda kinyume, kuzungusha kulia ni kuharakisha. Ataki yake ni kati ya mikrosekunde 20 na 800. Hata "taratibu" yake ni chini ya milisekunde moja.

Sasa kulinda spika. Tuseme spika ina wati 500 za mfululizo, ohm 8. Volti inayoruhusiwa ni kipeuo cha pili cha 500 × 8, yaani 63.2 V. Amplifaya ina geini 32 dB, ambayo ni mara 39.8. Kwa hiyo kwenye mlango wa amplifaya haitakiwi kuzidi 63.2 ÷ 39.8 = 1.59 V. Gawa kwa 0.775 (volti za 0 dBu), unapata 2.05, ambayo kwa desibeli (20 × log) ni +6.2 dBu. Hicho ndicho kizingiti cha limita ya RMS. Kama prosesa yako inapima kwa dBFS (kipimo cha dijitali ambacho 0 ndiyo mwisho) na karatasi yake inasema 0 dBFS ni +20 dBu, weka −13.8.

#17 WayaMbili

Mkuu, spika zangu ni mbili kwenye chaneli moja, kwa hiyo ni wati 1000. Nikifanya 1000 × 8 napata 89 V.

#18 Ohm8

Hapana, utaziunguza zote mbili. Zikiunganishwa sambamba wati ni 1000 lakini ohm ni 4. Kipeuo cha pili cha 4000 ni 63.2 ile ile. Volti inayofika kila spika haibadiliki kwa idadi. Kinachoongezeka ni mkondo ambao amplifaya inabeba. Hesabu kwa spika moja, maliza.

Na usitumie namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi. Ile ya kilele huwa mara nne ya wati za mfululizo. Kuhesabu limita ya RMS kwa namba ya kilele ni kuiweka 6 dB juu ya pale koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) inapoanza kuungua.

#19 DufuNaKinanda

Na amplifaya ikiwa ndogo kuliko spika? Wengi wanaamini hapo ni salama.

#20 Ohm8

Amplifaya ya wati 300 kwa ohm 8 inafika 49 V ndipo inakata vilele. Limita uliyoiweka kwa 63 V itachelewa kuamka, amplifaya ikiwa imeshaanza kukata. Mtu anaendelea kusukuma feda, mawimbi yanakuwa ya mraba, na wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya sine yenye kilele kile kile. Tena tofauti kati ya vilele na wastani imefutika, kwa hiyo koili haipati nafasi ya kupoa. Kwenye boksi la njia mbili, twita inakufa kwanza kwa sababu sauti za juu zimejaa zaidi ya inavyostahili.

Hapo weka limita kwa amplifaya: 49 ÷ 39.8 = 1.23 V, yaani +4 dBu. Mimi ningeweka +3.

Ikiwa amplifaya ni kubwa, tuseme wati 800 kwa ohm 8, inafika 80 V, yaani +8.3 dBu. Weka limita mbili: RMS kwenye +6.2 kwa ajili ya joto, ya vilele kwenye +8 kwa ajili ya amplifaya kukata. Ya joto iwe taratibu, ataki ya nusu sekunde hadi sekunde kadhaa, kwa sababu koili haipati moto kwa pigo moja. Ya vilele iwe ya haraka kulingana na mahali njia ya spika inapoanzia:

kuanzia 31 hadi 63 Hz, ataki 16 ms
63 hadi 125, 8 ms
125 hadi 250, 4 ms
250 hadi 500, 2 ms
500 hadi 1 kHz, 1 ms
1 hadi 2 kHz, 0.5 ms
juu ya hapo 0.3 ms

Rilizi ni ataki mara 16. Kwa sabu (spika ya besi) inayoanzia 40 Hz hiyo ni 256 ms. Ukiweka rilizi 20 ms kwenye sabu, utasikia ule mkoromo wa geti ya tomu hapo juu, kwa sababu ile ile.

#21 WayaMbili

Naweza kuhakikisha kwa multimita?

#22 Ohm8

Ndiyo, na ufanye hivyo. Chomoa spika zote. Nobu za amplifaya zifungue mwisho. Piga toni ya sine ya 100 Hz kwa sabu au boksi zima, multimita kwenye AC, pandisha taratibu. Volti ipande na kusimama karibu na 63 hata ukiongeza. Ikipita, shusha kizingiti. Usitumie toni ya kHz kwa multimita ya bei nafuu. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani na husoma pungufu juu ya 400 Hz au hapo. Njia ya twita ihesabu kwa karatasi, au tumia mita ya RMS halisi ambayo upeo wake wa masafa umeandikwa. Toni isiyo ndani ya njia husika haikuonyeshi kitu, krosova (kigawanya masafa) itaikata. Na hizo volti zinarusha mtu. Ukiwa umeunganisha amplifaya kwa briji, waya zote mbili ziko hai, hakuna wa ardhi.

#23 SautiYaNdani

Limita ya kumalizia wimbo inafuata hesabu hiyo hiyo?

#24 Kizingiti

Hapana, pale hulindi koili, unalinda faili. Kikomo weka −1 dBTP, na TP (true peak, kilele halisi) ina maana. Sampuli ni nukta kwenye wimbi, na kilele kinaweza kukaa kati ya nukta mbili. Chukua sine yenye masafa ya robo ya kiwango cha sampuli, nukta zikiangukia digrii 45: mita ya kawaida inaonyesha 3 dB chini ya kilele halisi. Kibadilishaji cha simu kitakijenga kilele hicho na kukikata, na kubana kuwa MP3 au AAC huongeza vilele vingine. Washa kipimo cha kilele halisi kwenye limita.

Spotify hulinganisha hadi −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo kwa wastani) kwa kawaida, na wimbo uliozidi hapo wanashauri uachiwe −2 dBTP. Ukiuleta kwa −8, wanaushusha 6 dB. Umeponda snea kwa ajili ya sauti ambayo jukwaa limekunyang'anya. Televisheni zinazofuata EBU R128, kanuni ya watangazaji wa Ulaya, ni −23 LUFS na −1 dBTP. Mita ya limita ikionyesha inakata zaidi ya 3 au 4 dB mfululizo, rudi kwenye miksi. Mara nyingi ni kiki au herufi s moja inayosukuma kila kitu.

#25 WayaMbili

Nimeweka limita kwa hesabu ya #16, nimepima, imesimama 62 V. Nobu za amplifaya zilikuwa nusu wakati napima. Ni sawa?

#26 Ohm8

Si sawa, pima upya. Limita iko kabla ya hizo nobu. Ulichopima ni 62 V nobu zikiwa nusu. Siku mtu akizifungua mwisho, limita itaruhusu kiwango kile kile na amplifaya itaitoa yote hadi ikate. Fungua mwisho, shusha kizingiti hadi 63 V irudi, kisha bandika gundi ya karatasi juu ya nobu. Angalia pia swichi ya geini nyuma ya amplifaya. Nyingine zina 26 dB na 32 dB, na kutoka 26 kwenda 32 ni volti mara mbili. Andika kwenye ile karatasi ya gundi swichi iko wapi.